Nairobi, Kigali, Johannesburg au London: uifuate wapi shoo ya msanii wako ukitokea Arusha au Moshi

Ratiba ya ziara ya msanii ikitoka, wengi hukimbilia kuangalia bei ya tiketi, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuharibika. Kwa mtu wa Arusha au Moshi, tiketi ya shoo ya London inaweza kuwa gharama ndogo kuliko zote katika safari nzima, wakati tiketi ya Nairobi inaweza kuwa ndiyo kubwa kupita nauli na malazi. Maswali mawili ndiyo yanayotenganisha miji hii: unalazimika kuamua mapema kiasi gani, na shoo ikiahirishwa, ni fedha gani haitarudi. Tumeipanga kwa vipimo hivyo viwili, kisha kwa utakachosikia ukishafika, maana safari hii ni ya muziki.

| Mji | Viza kwa Mtanzania | Uamue lini | Shoo ikifutwa unapoteza |
|---|---|---|---|
| Nairobi | Haihitajiki | Hata wiki moja kabla | Nauli ya basi, pengine usiku mmoja wa malazi |
| Kigali | Haihitajiki | Wiki 4 hadi 6 | Tiketi ya ndege |
| Johannesburg | Haihitajiki, hadi siku 90 kwa mwaka | Miezi 2 | Ndege na malazi |
| London au Paris | Lazima | Miezi 3 hadi 4 | Ndege, ada ya viza, bima, safari ya Dar |

Kwanza jua ni shoo ya aina gani

Jina kubwa kwenye tangazo halikuambii utapata nini. Kuna tamasha, ambako msanii wako ni mmoja kati ya wengi, na kuna shoo yake mwenyewe. Kwenye tamasha hupewa dakika 45 hadi 60, mara nyingine bila bendi kamili, na vyombo hupimwa haraka kati ya msanii mmoja na mwingine, kwa hiyo nyimbo mbili za mwanzo huwa na sauti isiyotulia. Kwenye shoo yake mwenyewe ukumbini, tarajia dakika 90 hadi 120, bendi yake, taa zake na fundi wake wa sauti. Kama unampenda msanii kwa sababu ya bendi, magitaa ya sebene au kwaya inayomsindikiza, tofauti hii ni kubwa kuliko umbali wa safari. Nairobi utakutana zaidi na matamasha ya uwanja wa wazi. Kigali, London na Paris mara nyingi ni kumbi zenye paa. Johannesburg ina vyote.

Popote utakapokwenda, sauti nzuri haiko mbele kabisa kwenye uzio. Iko karibu na meza ya fundi wa sauti, katikati ya uwanja, kwa sababu anachokisikia yeye pale ndicho anachokirekebisha. Mbele kabisa besi hukuzidi na sauti ya mwimbaji hukupita juu ya kichwa. Anayetaka kumwona uso asogee mbele, anayetaka kusikia asimame nyuma ya meza. Na beba viziba masikio vya povu. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2022 kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa kumbi za burudani, na mbele ya spika za uwanja wa wazi ni rahisi kukivuka.

Nairobi

Kwa wengi wetu hapa Kaskazini hili ndilo chaguo la kwanza, na ni chaguo zuri. Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, Namanga hadi Nairobi nyingine 165 hivi. Kosta za Nairobi huondoka Arusha asubuhi na nyingine mchana kwenye saa 8, na safari huchukua saa tano hadi sita pamoja na mpaka. Chukua ya asubuhi. Ya mchana inaingia Nairobi kupitia Mombasa Road wakati wa foleni ya jioni, na saa moja iliyokuwa ya kuoga na kula inaishia barabarani. Anayeanzia Moshi aongeze kilomita 80 hadi Arusha, na ni salama zaidi kulala Arusha kuliko kuondoka Moshi alfajiri ukitegemea kuunganisha.

Namanga ni kituo cha pamoja cha mpaka. Ukitoka Tanzania unahudumiwa kwenye jengo la upande wa Kenya: afisa wa Tanzania anakugongea kutoka, wa Kenya anakugongea kuingia, dirisha kwa dirisha. Kosa la kawaida ni abiria kupita dirisha moja tu kwa haraka ya kuiwahi kosta. Bila muhuri wa kutoka, shida inakungoja wakati wa kurudi. Hesabu mihuri miwili kabla hujatoka mlangoni.

Nyaraka ni pasipoti. Kitambulisho cha NIDA hakitoshi, hata kama umesikia kwamba Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hutembeleana kwa vitambulisho vyao. Asiye na pasipoti anaweza kuomba Uhamiaji hati ya dharura ya safari, lakini kama una mpango wa kufuata muziki zaidi ya mara moja, toa shilingi 150,000 upate pasipoti ya miaka kumi. Beba na kadi ya njano ya homa ya manjano. Watu huishtukia wakati wa kurudi, kwa sababu maafisa wa afya wa upande wetu huidai kwa wanaotoka Kenya. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, kwa hiyo usikubali kuambiwa imeisha muda kwa sababu tu ina zaidi ya miaka kumi.

Malazi yafuate uwanja, usifuate katikati ya mji. Shoo za Carnivore na Uhuru Gardens ziko barabara ya Lang'ata, hivyo tafuta chumba Lang'ata, Nairobi West, Madaraka au South C. Shoo ya Kasarani iko upande wa Thika Road, na hapo Roysambu au Kasarani penyewe ndipo pa kulala. Aliyelala Lang'ata akaenda Kasarani atavuka jiji zima saa 9 usiku kutafuta usafiri ambao bei yake imeshapanda.

Muda ndio unaowachosha wageni. Tangazo linaweza kusema milango inafunguliwa saa 8 mchana, na msanii mkuu akapanda saa 5 au saa 6 usiku. Kula kabla, vaa viatu vya kusimamia kwa muda wa saa nane, na usipange kurudi Arusha usiku huo huo. Lala, urudi na kosta ya mchana. Machi hadi Mei ni masika, na udongo mweusi wa upande ule wa jiji hushika kiatu kama gundi, kwa hiyo raba nyeupe ziache nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kama ilivyo kwetu tangu 2019.

Malipo yana kikwazo kimoja kinachowakwamisha wengi. Tiketi nyingi za Nairobi hulipiwa kwa Paybill au Till ya M-Pesa ya Kenya. Laini ya Vodacom ya hapa inaweza kumtumia pesa mtu mwenye M-Pesa ya Safaricom, lakini usitegemee itakubali namba ya biashara ya kule. Lipa kwa kadi ya benki iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, au kwa kadi ya Visa ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti ya simu, au mtumie ndugu aliyeko Nairobi akulipie. Shilingi za Kenya badilisha dukani kwa mbadilishaji mwenye leseni, usibadilishe na vijana wa barabarani Namanga. Pale kwenye msongamano noti huhesabiwa haraka kuliko jicho linavyofuata.

Kwa gari binafsi inawezekana, kwani Wakenya nao huendesha kushoto. Utahitaji kadi halisi ya gari na bima ya COMESA inayoitwa kadi ya njano, ambayo haina uhusiano na ile ya chanjo. Ikate kwa kampuni yako ya bima siku mbili tatu kabla. Dereva asiwe miongoni mwa wanaokesha.

Watu wa Moshi wana chaguo ambalo Arusha haina. Shoo ikiwa Mombasa, usipite Namanga. Pita Himo na Holili, uingie Taveta, kisha lami hadi Voi, kama kilomita 110. Kutoka Voi hadi Mombasa ni takriban kilomita 150, na Voi ina kituo cha treni ya SGR ukitaka kupumzika na basi. Kwa Nairobi, njia hiyo ya Voi ni ndefu kuliko Namanga na haina faida.

Kigali

Kigali inawafaa wanaotaka ukumbi wa kisasa bila viza. BK Arena ilifunguliwa 2019, inachukua watu 10,000, ina paa, na iko Remera jirani na uwanja wa Amahoro, kilomita chache kutoka uwanja wa ndege wa Kanombe. Kendrick Lamar alipanda hapo tarehe 6 Desemba 2023 na John Legend tarehe 21 Februari 2025, wote chini ya mradi wa Move Afrika. Kwa shabiki wa wasanii wa Marekani, hiyo ni nafasi ya kuwaona kwa vifaa vyao kamili bila kugusa ubalozi wowote. Na ukumbi wa watu 10,000 una utamu wake: hata kiti cha nyuma bado kinamwona mtu, hakitegemei skrini tu.

Udhaifu wake ni kwamba shoo kubwa za namna hiyo si nyingi kwa mwaka. Huendi Kigali kusubiri msanii, unakwenda tarehe ikishatangazwa. Barabara kupitia Singida, Nzega, Kahama na Rusumo ni takriban kilomita 1,000 na inakula siku mbili kila upande, kwa hiyo wengi watapanda ndege, mara nyingi kwa kuunganisha Nairobi au Dar es Salaam. Tazama bei ya ndege siku ile ile ratiba inapotoka.

Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Shoo ya saa 2 usiku ya Kigali ni saa 3 ya Arusha. Kosa hapa halikuumizi usiku wa shoo, linakuumiza wakati wa kurudi, unapounganisha ndege Nairobi au Dar es Salaam ukiwa umeacha saa ya mkononi kwa muda wa Kigali. Mifuko ya plastiki usiingie nayo kabisa. Rwanda ilianza kuipiga marufuku mwaka 2008 na mizigo hukaguliwa.

Johannesburg

Huu ndio mji tunaouona unasahaulika bila sababu. Watu hudhani Afrika Kusini inataka viza, kumbe Mtanzania anaingia bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, na uwe na tiketi ya kurudi. Wasanii ambao ziara zao hazipiti Afrika Mashariki hufika hapa. Chris Brown alipiga siku mbili mfululizo, tarehe 14 na 15 Desemba 2024, kwenye FNB Stadium, uwanja wenye viti karibu 94,000.

Ukubwa huo ndio faida yake na ndio taabu yake. Tiketi za bei ya chini zipo nyingi, lakini viti vya juu vinakuweka mbali mno na jukwaa, na sauti hukufikia ikiwa imechelewa kidogo kuliko midomo unayoiona kwenye skrini. Kama bajeti inaruhusu, nunua eneo la kusimama uwanjani au viti vya ngazi ya chini vinavyotazama jukwaa kwa mshazari. Epuka viti vya pembeni kabisa vilivyo sambamba na jukwaa, kwani minara ya spika huziba nusu ya unachokitaka. Shoo ikiwa SunBet Arena ya Pretoria, yenye nafasi kama 8,500, hesabu inageuka: tiketi ni chache, sauti ni nzuri, na kila kiti kinafaa.

FNB iko Nasrec, pembeni ya Soweto, mbali na Sandton na Rosebank wanakolala wageni wengi. Treni ya Gautrain inakutoa uwanja wa ndege wa O.R. Tambo hadi Sandton vizuri, lakini haikesha na haifiki Nasrec. Shoo ikiisha, makumi ya maelfu ya watu hufungua programu ya teksi kwa wakati mmoja, mtandao unalegea na bei inapanda. Nunua mapema nafasi kwenye mabasi maalumu yanayochukua watu kwenye maegesho na kuwapeleka uwanjani, yanayotangazwa pamoja na tiketi, au kubaliana na dereva wa nyumba ya wageni sehemu kamili ya kukutana. Usitembee kwa miguu kutafuta usafiri nje ya eneo la ulinzi.

Desemba ni kiangazi chao chenye radi za alasiri, beba koti la mvua jepesi kwani miavuli huzuiwa getini. Ukiunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa na kukaa pale zaidi ya saa 12, utadaiwa kadi ya homa ya manjano kuingia Afrika Kusini.

London na Paris

Kuna wasanii ambao usiku wao mkubwa uko Ulaya, na shabiki wa kweli analijua hilo. Wizkid alijaza O2 Arena ya London siku tatu, mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba 2021. Burna Boy alipiga London Stadium Juni 2023. Fally Ipupa alijaza Paris La Défense Arena tarehe 25 Novemba 2023, na kwa mpenzi wa muziki wa Kongo, Paris ina wapigaji na wacheza shoo ambao promota wa huku hawezi kuwagharimia wote. Kama hiyo ndiyo ndoto, ifuate, ila kwa mpangilio.

Viza ya Uingereza huombwa si mapema kuliko miezi mitatu kabla ya safari, kwa kawaida majibu huchukua wiki tatu, na ada iliyowekwa Aprili 2025 ilikuwa pauni 127. Viza ya Schengen unaweza kuiomba hadi miezi sita kabla, na isiwe chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya matibabu lazima ifikie angalau euro 30,000. Zote mbili zinahitaji alama za vidole, na hiyo ni safari ya Dar es Salaam. Ada hairudi ukikataliwa. Kinachowaangusha wengi ni akaunti ya benki iliyojazwa ghafla wiki moja kabla ya maombi. Afisa anatazama mtiririko wa miezi, pamoja na barua ya mwajiri au leseni ya biashara na TIN inayoonyesha una cha kukurudisha.

Kule muda ni muda. Tiketi ikisema milango ni saa 12 na nusu jioni, itafunguliwa hapo, na shoo huwa imekwisha kwenye saa 5 usiku. Aliyezoea kuingia kwa kuchelewa atakosa nusu. O2 hairuhusu begi kubwa kuliko karatasi ya A4. Treni ya Jubilee ya kituo cha North Greenwich hukesha Ijumaa na Jumamosi tu, na siku nyingine lazima utoke ukumbini ukijua treni ya mwisho ni saa ngapi. Fika mjini siku moja kamili kabla ya shoo, si asubuhi ya siku yenyewe. Kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mara nyingi utaunganisha ndege, na muunganiko mmoja ukichelewa Doha au Addis Ababa, shoo imekwenda.

Tiketi ya kwenye simu, na mpangilio wa kulipa

Wauzaji wakubwa wa Ulaya na Afrika Kusini hawatumi tena karatasi. Tiketi inakaa ndani ya akaunti, msimbo wake hubadilika kila baada ya sekunde kadhaa, na mara nyingine hauonekani hadi siku moja au mbili kabla. Picha ya skrini haiingizi mtu. Ukifungua akaunti hiyo ugenini, mfumo unaweza kutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe kwenye laini yako ya Tanzania. Hapa ndipo watu hukwama getini: laini imezimwa, ndani imewekwa ya kule. Washa huduma ya kupokea ujumbe nje ya nchi kabla hujaondoka, iache laini ya nyumbani ndani ya simu, na ingia kwenye akaunti ukiwa bado hotelini.

Siku ya mauzo, geuza saa vizuri. Saa 4 asubuhi ya London ni saa 6 mchana kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa 7 mchana wakati wa baridi. Saa 3 asubuhi ya Johannesburg ni saa 4 yetu. Nairobi tuko sawa. Piga simu benki siku moja kabla uongeze kikomo cha manunuzi ya mtandaoni, kwa sababu malipo yakikataliwa viti vinarudi kwa wengine ndani ya dakika chache.

Tiketi ya mkononi kwa mtu usiyemjua iache, hata ikiwa na msimbo wa QR. Msimbo mmoja unaweza kuuzwa kwa watu kumi, na anayekubaliwa ni wa kwanza kuskaniwa. Kama muuzaji rasmi ana sehemu yake ya kuuziana tiketi kwa bei ya awali, hiyo ndiyo tiketi ya kununua kabla ya viza, kwa kuwa ukinyimwa viza unaweza kujaribu kuiuza hapo hapo.

Kwa London na Paris basi, lipa hivi: tiketi ya shoo inayouzika tena, kisha malazi ya kufuta bure, kisha viza ukitumia nafasi ya ndege iliyoshikwa na wakala bila kulipiwa, na ndege yenyewe mwisho, viza ikiwa mkononi. Kwa Johannesburg na Kigali, tiketi kwanza na ndege siku hiyo hiyo, kwa sababu hakuna viza ya kusubiri na bei ya ndege ndiyo inayokimbia. Kwa Nairobi, nunua tiketi ya awali ya bei nafuu mapema, lakini kosta na chumba uvilipie wiki ya mwisho, promota akishathibitisha kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe kwamba tarehe haijasogezwa.